Shauri la Mtu Asiyejulikana

Yako maswali ambayo mtu hamwulizi mgeni: habari za ndoa yake, za deni lake na za ugonjwa wake. Lakini kuku akiinamisha kichwa, au majani ya sukuma wiki yakijikunja, aibu huondoka, na mtu humwuliza yeyote apitaye. Desturi hii yaonekana ndogo. Walakini katika Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi, imepata kuwa jambo la shibe na njaa, na kwa sababu hiyo yastahili kuandikiwa historia.

Kijijini mwenye swali la kilimo humwendea babu yake, naye babu aujua udongo ule tangu utoto. Mjini babu hayupo. Jirani wa kulia alitoka Kakamega, wa kushoto alitoka Machakos, na udongo wenyewe uliletwa kwa mkokoteni. Basi shauri halina budi kutafutwa kwa watu wasiojuana.

Hapo zamani haikuwa hivyo. Kibera yalikuwa makao ya askari wa Kinubi waliotoka Sudan wakaitumikia serikali ya kikoloni, na mwaka 1918 serikali hiyo ilitenga huko eka 4,197. Wanubi walilima na kufuga, na maarifa yao yalikaa katika jamaa zao. Kawangware nayo ilikuwa katika Dagoretti, nchi ya Wakikuyu, ambako mashamba yalizidi kupungua kwa kadiri vyumba vya kupanga vilivyozidi kuongezeka. Wageni walipojaa katika mitaa yote miwili, walikuja na mbegu na desturi za kwao, lakini hawakukuta mwalimu wa udongo wa mjini.

Tena palikuwa na kizuizi cha sheria. Kanuni za mji zilikataza kulima kandokando ya barabara, na mara nyingi askari wa jiji walifyeka mahindi yaliyokaribia kukomaa. Mwaka 1985 taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilichunguza miji sita ya Kenya, ikaona ya kuwa katika Nairobi nyumba moja hivi katika kila tano ililima chakula ndani ya jiji. Fikiri, msomaji, hali ya mwenye nyumba hiyo. Mimea yake imeingiwa na wadudu. Je, ataipeleka habari ofisini, kwa serikali ile ile ambayo askari wake hubeba mapanga? Ni kweli kwamba wizara ya kilimo ilikuwa na mabwana shamba wenye nia njema hata mjini; lakini mkono mmoja ulipofundisha na wa pili ukafyeka, mkulima mdogo aliona heri kumnong'oneza mpita njia.

Mambo yaligeuka mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fujo zilizuka, barabara zikafungwa, chakula kikawa ghali, na Kibera iliumia sana. Shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilieneza huko kilimo cha magunia. Katikati ya gunia huwekwa nguzo ya kokoto ili maji yashuke hata chini. Kandokando yake hujazwa udongo na samadi. Kisha ubavu wa gunia hutobolewa matundu, na kila tundu hupewa mche wa sukuma wiki au spinachi. Gunia moja huchukua miche mingi katika nafasi ya kiti. Kwa kuwa kazi ilikuwa mpya kwa wote, hapana aliyekuwa na haya ya kuuliza. Watu waliopigana miezi michache nyuma walisimama mbele ya gunia moja wakishauriana juu ya mizizi iliyooza.

Mwaka huo huo kikundi cha vijana wa Kibera kiliondoa taka katika jaa moja, kikapafanya shamba. Udongo ulipopimwa ulionekana kuwa na zinki kupita kiasi, ikapandwa alizeti ili iyafyonze madini hayo. Hapa shauri la mpita njia lisingefaa kitu, kwa maana zinki haionekani kwa macho.

Kisha ikaja simu. Su Kahumbu, aliyewasaidia vijana wale, alianzisha iCow mwaka 2011, na mfugaji akaanza kuletewa mashauri ya ng'ombe na kuku kwa ujumbe mfupi. Mwaka 2015 WeFarm ilikwenda mbali zaidi: mkulima aliandika swali lake, hata kwa Kiswahili, nalo likapelekwa kwa wakulima wa mbali ambao hakupata kuwaona. Jambo lenyewe si jipya duniani. Huko London, mwaka 1691, John Dunton alitoa gazeti la kujibu maswali ya watu wasiotaja majina yao. Jipya ni upesi wake.

Upesi huo una hasara yake. Mwishoni mwa mwaka 2013 habari zilienea Kenya kwamba mayai ya kware yaponya maradhi mengi na kwamba ndege hao huleta utajiri. Watu walioshauriwa na watu wasiowajua walinunua vifaranga kwa bei kubwa, wakaomba vibali kwa shirika la wanyamapori. Mwaka 2014 wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, bei ikaanguka, na aliyekopa akabaki na deni na vizimba. Aliyetoa shauri hakupoteza hata senti.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na mkulima akapata njia ya kuuliza ofisini bila kujificha. Hata hivyo hajaacha kuwauliza wageni. Mwenye gunia Kawangware huipiga picha ya jani kwa simu, akaiweka mbele ya maelfu ya watu. Majibu huja mara moja, nayo hupingana: huyu asema mbolea imepungua, yule asema maji yamezidi, na wa tatu ana dawa ya kuuza. Mimi humwamini kwanza yule asiyejibu upesi, bali hurudisha swali: gunia lapata jua kwa saa ngapi? Maji yatoka wapi? Na udongo huo, ulichotwa mahali gani?