Donati za hamira: Jinsi ya kuziandaa nyumbani na kuzivika utando wa sukari

WAPISHI wengi hulalamika kwamba donati walizozipika nyumbani ziliishia kuwa mandazi yaliyotobolewa katikati na kupakwa sukari. Malalamiko hayo yana msingi, kwani viambato vya vitafunio hivi viwili vinakaribiana mno: unga wa ngano, maziwa, sukari na mafuta ya kukaangia. Kinachovitenganisha hasa ni muda. Mandazi ya beking poda hukandwa na kukaangwa bila kusubiri sana, ilhali donati halisi huumuka kwa hamira mara mbili. Ile mara ya pili ndiyo aghalabu hupuuzwa na mpishi mwenye haraka, na hapo ndipo ulaini wake hupotea.

Kitafunio hiki kina asili ya kigeni. Mwandishi Mmarekani Washington Irving alikitaja katika kitabu chake cha mwaka wa 1809 kuhusu New York, akikihusisha na walowezi wa Kiholanzi waliokuwa wakikaanga madonge ya unga wenye sukari. Baharia mmoja wa Maine, Hanson Gregory, alidai baadaye kwamba ni yeye aliyebuni tundu la katikati mnamo 1847. Dai hilo liwe kweli au la, tundu lina kazi yake: bila hilo, ukingo huungua kabla ya kitovu kuiva.

Kwa mkazi wa Pwani, hata hivyo, mambo haya si mageni. Mahamri nayo huumuliwa kwa hamira, yakakandwa kwa tui la nazi na kutiwa iliki, na kaimati hutoswa kwenye shira ya moto. Anayeyajua mapishi hayo amekwisha kuvuka nusu ya safari. Tofauti ni kwamba hamri husukumwa jembamba ili livimbe na kuacha uwazi ndani, nayo donati husukumwa nene ili ijae nyama laini kama mkate.

Vinavyohitajika kwa donati zipatazo 16 ni gramu 500 za unga wa ngano mweupe usiotiwa beking poda kiwandani (robo ya pakiti ya kilo 2), vijiko 2 vya chai vya hamira ya chembechembe, vijiko 5 vikubwa vya sukari, kijiko 1 cha chai cha chumvi, mililita 240 za maziwa, mayai 2 na gramu 60 za siagi laini. Iliki au kungumanga kidogo huongeza harufu, ingawa si lazima. Kwa utando wa sukari, tayarisha gramu 250 za sukari ya aisingi, vijiko 3 au 4 vikubwa vya maziwa, matone machache ya vanila na chembe za chumvi. Mafuta ya kukaangia yawe ya kutosha donati kuelea.

Chemsha maziwa kisha uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu, yaani ukitia kidole usihisi moto wala baridi. Hamira ni kiumbe hai. Maziwa ya moto sana huiua, na hakuna dawa ya kuifufua. Koroga hamira na kijiko kimoja cha sukari ndani ya maziwa hayo, usubiri dakika 10. Povu lisipotokea, hamira imekufa au imezeeka. Afadhali kuitupa kuliko kupoteza unga na mayai.

Povu likishatanda, changanya unga, sukari iliyosalia na chumvi katika bakuli, mimina maziwa na mayai yaliyopigwa, kisha ukande kwa dakika 10 hivi. Siagi itiwe mwishoni, kidogo kidogo, kwa sababu mafuta yakitangulia huzuia unga kushikamana. Donge litanata vidoleni. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuongeza unga mpaka donge likauke kama la chapati. Stahimili. Paka mikono mafuta uendelee kukanda hadi kipande kidogo kiweze kuvutwa kikawa chembamba, mwanga ukapenya bila kukatika.

Funika bakuli na uliache donge liumuke hadi liwe maradufu. Vitabu vingi vya mapishi husema saa moja, lakini saa hiyo ni ya jiko la mwandishi. Mombasa wakati wa joto dakika 45 zaweza kutosha. Limuru au Nyahururu mwezi wa Julai, saa mbili si ajabu. Tazama donge badala ya saa ya ukutani. Penye baridi, weka bakuli ndani ya kabati pamoja na sufuria ya maji moto.

Likishaumuka, likandamize kwa upole hewa itoke, ulisukume hadi unene wa sentimita moja na robo. Kata kwa mdomo wa glasi iliyopakwa unga, na tundu ulitoboe kwa kifuniko cha chupa ya maji. Weka kila donati juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta, ili baadaye uiinue bila kuibonyeza. Zifunike tena kwa dakika 30 hadi 45. Zitakuwa tayari iwapo ukizigusa kwa kidole, kishimo kinarudi polepole. Kikirudi upesi, bado. Kisiporudi kabisa, zimepitiliza na zitanywea motoni.

Mafuta yafikie nyuzijoto 175 hadi 180. Asiye na kipimajoto atumbukize kile kitovu kilichokatwa: kikizama na kukaa chini, mafuta ni baridi na donati zitayanywa, kikigeuka hudhurungi mara moja, ni moto mno na ndani patabaki pabichi. Kinachofaa ni kipande kielee kikizungukwa na mapovu na kugeuka rangi kwa muda wa dakika moja hivi. Anayetumia jiko la makaa aondoe baadhi ya makaa moto unapozidi. Kaanga mbili au tatu kwa wakati mmoja, dakika moja hadi moja na nusu kila upande. Donati iliyoumuka barabara huelea juu, ikabakiwa na mkanda mweupe kiunoni.

Mafuta yasizidi nusu ya karai, na watoto wakae mbali. Yakishika moto, zima jiko na ufunike karai kwa kifuniko cha chuma. Usimwagie maji kamwe, wala usilibebe karai kulitoa nje.

Chekecha sukari ya aisingi, uikoroge na maziwa, vanila na chumvi hadi iwe nzito kama uji mwepesi. Sukari ya kawaida iliyosagwa nyumbani hufanya kazi, ila hubaki na mchanga mdomoni. Chovya donati dakika moja au mbili baada ya kuipua: ikiwa ya moto sana sukari huteleza yote, ikipoa kabisa utando huwa mzito na mweupe. Ziweke juu ya wavu kwa dakika 20 utando ukauke.

Donati hizi huliwa siku hiyo hiyo. Usizitie kwenye jokofu, kwani baridi yake huharakisha kukauka kwa kitu chochote kilichoumuliwa. Anayetaka za asubuhi aweke donge bichi kwenye jokofu usiku kucha baada ya kulikanda, alisukume alfajiri, na azipe zilizokatwa muda mrefu zaidi wa kuumuka.