Aliyetangulia Kwenye Kamba: Wanawake wa Nepal na Uongozi wa Milima Mirefu

Katika bonde la Khumbu, kaskazini mashariki mwa Nepal, sehemu kubwa haifikiki kwa gari. Mchele, mitungi ya gesi na mabati ya kuezekea hupanda kwa mgongo wa binadamu au wa yaki. Wanawake wa Kisherpa wamekuwamo katika kazi hiyo tangu zamani. Waingereza walipoanza kuujaribu Mlima Everest katika miaka ya 1920, na hata mwaka 1953 Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika kileleni, wanawake walikuwa miongoni mwa waliobeba mizigo ya misafara. Mzigo ulikaa mgongoni, ukishikwa na mkanda uliopita kwenye kipaji cha uso, kama wanawake wa Kikuyu wabebavyo kuni.

Nguvu za mwanamke mlimani, basi, hazikuwa jambo la kubishania. Waliomwajiri walizijua na walizilipia. Kilichochelewa kumfikia ni mamlaka. Kiongozi wa wapanda mlima ndiye anayesema sasa twende, hapa tusubiri, leo tunarudi, na watu waliolipa fedha nyingi wakamtii. Kumwachia mwanamke wa Kisherpa neno hilo la mwisho kulichukua miaka mingi kuliko kumfikisha kileleni.

Mwaka 1959 msafara wa wanawake kutoka nchi kadhaa, ukiongozwa na Mfaransa Claude Kogan, ulikwenda Cho Oyu, mlima wa mita 8,188. Pamoja nao walikuwapo mabinti wawili wa Tenzing Norgay, Pem Pem na Nima, na mpwa wake Doma. Mwezi Oktoba maporomoko ya theluji yalimuua Kogan, mwenzake kutoka Ubelgiji na Washerpa wawili. Miaka mingi ikapita. Tarehe 16 Mei 1975 Junko Tabei wa Japani akawa mwanamke wa kwanza kusimama juu ya Everest, siku 12 tu baada ya theluji kuifukia kambi yao akiwa amelala hemani. Mshirika wake siku hiyo alikuwa Msherpa, Ang Tsering. Wanawake wa nchi nyingine wakaendelea kupanda. Kwa Nepal yenyewe, nchi ambayo Everest ni fahari yake, hakukuwa na hata mmoja.

Aliyeliona pengo hilo kama deni lake ni Pasang Lhamu Sherpa, aliyezaliwa mwaka 1961. Alikuwa mama wa watoto watatu, na pamoja na mumewe aliendesha kampuni ya kupeleka watalii milimani, kwa hiyo aliijua biashara hiyo kwa ndani. Kati ya 1990 na 1992 alikwenda Everest mara tatu, na mara zote alirudi bila kukifikia kilele. Mwaka 1993 ulipoandaliwa msafara wa pamoja wa wanawake wa India na Nepal chini ya Bachendri Pal, Mhindi aliyekwisha kufika kileleni mwaka 1984, Pasang Lhamu hakujiunga nao. Aliunda msafara wake wa wanawake wa Nepal, na mkuu wake akawa yeye.

Tarehe 22 Aprili 1993 alifika kileleni pamoja na Washerpa wanaume watano. Wakati wa kushuka hali ya hewa ikaharibika, na mmoja wao, Sonam Tshering, akaishiwa nguvu. Pasang Lhamu akakwama pamoja naye karibu na Kilele cha Kusini, juu ya mita 8,700, na wote wawili wakafia huko. Mwili wake uliposhushwa na kufikishwa Kathmandu, maelfu ya watu walijitokeza kumuaga. Serikali ilimpa nishani ya Nepal Tara, sura yake ikawekwa kwenye stempu ya posta, na mlima uliokuwa ukiitwa Jasamba ukapewa jina lake: Pasang Lhamu Chuli.

Taifa lilimwenzi ipasavyo. Lakini kifo chake kiliacha somo ambalo stempu haiwezi kulibeba: ujasiri na nguvu bila mafunzo hufikisha mtu juu, na kurudi ndiyo nusu ngumu ya safari. Mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kileleni na kushuka akiwa hai alikuwa Lhakpa Sherpa, tarehe 18 Mei 2000. Huyu alizaliwa kijijini karibu na mlima Makalu, hakusoma shule, na aliingia mlimani kupitia upagazi. Baadaye alihamia Marekani, akaishi Connecticut akifanya kazi za kuosha vyombo na usafi, na kila alipopata nafasi alirudi Everest. Mei 2022 alifika kileleni kwa mara ya 10, idadi ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa ameifikia.

Wakati huohuo mambo yalianza kubadilika mahali pasipopigwa picha sana, yaani madarasani. Mwaka 1994, mjini Pokhara, dada watatu wa ukoo wa Chhetri walianzisha kampuni ya wanawake wanaoongoza wanawake wenzao katika matembezi ya milimani, kisha wakafungua mafunzo kwa wasichana wa vijijini. Mwaka 2003 kituo cha mafunzo ya kupanda kilianzishwa Phortse, kijiji cha Khumbu ambacho watu wake wengi hufanya kazi Everest. Washerpa waliokuwa wakijifunza kazini, kwa kumwangalia mjomba au kaka, walianza kufundishwa mafundo ya kamba, uokoaji na namna ya kuisoma theluji. Wanawake nao waliingia katika madarasa hayo.

Faida ya mafunzo hayo huonekana hasa katika maporomoko ya barafu ya Khumbu, juu kidogo ya kambi ya chini ya Everest. Kambi hiyo iko kwenye mita 5,300 hivi, chini ya kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Kambi inayofuata tayari imeupita urefu wa Kilimanjaro. Kati ya kambi hizo mbili barafu imepasuka nyufa ambazo mwanga haufiki mwisho wake, na juu ya nyufa zimelazwa ngazi za alumini, wakati mwingine kadhaa zimeungwa kwa kamba. Mpandaji hukanyaga kidato kwa kidato akiwa na njumu za chuma chini ya viatu. Meno ya njumu yasipokaa sawasawa, mguu huteleza. Kiongozi hutangulia, akakagua kamba za pembeni, kisha akasimama ng'ambo akimtazama mteja miguu, wala si uso.

Juu zaidi, macho yake huhamia usoni. Kileleni Everest hewa humpa mtu kama theluthi tu ya oksijeni aipatayo pwani. Ubongo ukianza kuvimba, dalili huwa ndogo: ulimi mzito, hatua ya mlevi, jibu lisilolingana na swali. Kiongozi humuuliza mteja maswali mepesi, husoma geji ya mtungi wake wa oksijeni, na huangalia saa aliyoipanga mapema kuwa ya kugeuka. Saa hiyo ikifika, watu hugeuka hata kama kilele kinaonekana. Mteja aliyeweka akiba miaka mingi hulia, hubembeleza, wengine hutukana. Hapo ndipo elimu na cheti vinapohitajika, maana mwenye navyo ana pa kusimamia anaposema hapana.

Katika kizazi kilichopata mafunzo hayo kuna majina matatu ya kukumbukwa. Washerpa wengi humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa, kama pwani yetu ilivyo na akina Mwanajuma na Khamisi, hivyo msomaji asishangae kukutana na Pasang Lhamu mwingine. Huyu, Pasang Lhamu Sherpa Akita, alifiwa na wazazi akiwa msichana, akapitia Phortse, akaenda kusoma Chamonix, Ufaransa, na akawa mwanamke wa kwanza wa Nepal kuwa mwalimu wa upandaji milima. Wa pili ni Maya Sherpa, aliyepanda Everest mwaka 2006. Wa tatu ni Dawa Yangzum Sherpa kutoka Na, kijiji cha bonde la Rolwaling kilicho juu ya mita 4,000.

Mwaka 2014 watatu hao walikwenda Pakistani kuujaribu K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mita 8,611. Ulikuwa mwaka wa msiba: tarehe 18 Aprili barafu ilikuwa imeanguka Everest na kuwaua wafanyakazi 16 wa Nepal. K2 nao ulikuwa na historia mbaya kwa wanawake. Watano wa kwanza kufika kilele chake wote walikuja kufia milimani, watatu kati yao wakiwa wanashuka kutoka K2 huohuo. Tarehe 26 Julai wanawake hao wa Nepal walifika kileleni, wakashuka wote salama.

Dawa Yangzum akaenda mbele zaidi. Nepal ilikuwa imekubaliwa mwaka 2012 kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la vyama vya waongoza wapanda milima, lililoundwa 1965 na nchi za Alps. Cheti chake hutolewa baada ya miaka ya mafunzo na mitihani ya mwamba, barafu na uokoaji, na mwenye nacho hutambulika kama mtaalamu katika nchi zote wanachama. Robo karne hivi baada ya msafara wa Pasang Lhamu, Dawa Yangzum alikipata, mwanamke wa kwanza wa Nepal. Oktoba 2024, juu ya Shishapangma, alikamilisha vilele vyote 14 duniani vinavyozidi mita 8,000. Magazeti yaliandika zaidi habari ya vilele. Kwangu mimi cheti kina uzito mkubwa kuliko vyote 14, kwa sababu kilele ni chake peke yake, na cheti kinamruhusu kukabidhiwa roho za watu.

Kwa hiyo anayetaka kujua historia hii inaelekea wapi na aangalie daftari la wanafunzi Phortse na Pokhara: wasichana wangapi wameandikishwa, wangapi wamefuzu, na kampuni ngapi ziko tayari kumkabidhi mmoja wao msafara mzima. Sisi wa Afrika Mashariki swali hilo tunalo mlangoni petu. Kilimanjaro kuna wanawake wanaobeba mizigo pamoja na wapagazi wenzao wa kiume, na wapo waliokwisha kupata leseni ya kuongoza. Njia kutoka upagazi hadi uongozi ipo na inajulikana. Mwenye kampuni wa Moshi au Arusha anapopanga majina ya safari ijayo, akamweka mwanamke mwenye leseni mbele ya wageni na kumwachia uamuzi wa kugeuka, anafanya jambo ambalo Nepal ililisubiri kwa muda mrefu, na kwake yeye halihitaji kusubiri hata msimu mmoja.