Kuzamia na Kuibuka: Historia ya Maradhi ya Wazamiaji

Lugha ya Kiswahili haikosi maneno ya kueleza jinsi mwanadamu anavyokutana na maji. Aingiaye asipotaka huzama. Aingiaye kutafuta kitu hukizamia. Ajitosaye kwa ustadi hupiga mbizi. Naye atokapo tena juu huibuka. Katika orodha hiyo hofu yote imebebwa na tendo la kwanza. Mtu wa pwani humwogopea mwanawe asije akazama. Hapana amwogopeaye mwenziwe asije akaibuka upesi mno. Hata maneno yanapotumiwa kwa fumbo, mtu huzama katika madeni, lakini jambo jema au jipya huibuka. Walakini historia ya kazi za chini ya bahari, kwa muda wa karne mbili zilizopita, yaonyesha kwamba wengi waliokufa au kupooza hawakupatwa na msiba walipokuwa wakishuka, wala walipokuwa chini, bali walipokwisha kurudi juu, wakiwa wamekaa chomboni na kuvua mavazi yao. Jambo hilo lilichukua muda mrefu kutambulikana, na sababu mojawapo ni kwamba macho ya kila mtu yalielekea chini.

Hapo kale, na mahali pengi hata karne ya 20, mzamiaji hakuwa na hewa ila ile aliyoivuta kifuani kabla ya kujitosa. Mfano ulio karibu na Waswahili ni ule wa wazamia lulu wa Ghuba, na ukaribu huo si wa bahari tu, bali ni wa lugha na wa damu. Neno lulu latoka katika Kiarabu. Mkuu wa chombo cha lulu aliitwa nakhudha, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo katika pwani ya Afrika ya Mashariki limekuwa nahodha. Tena miongoni mwa wazamiaji walikuwamo watu waliotekwa Afrika ya Mashariki na kuuzwa Arabuni, pamoja na watoto wao waliozaliwa utumwani huko. Chumo lao liliingia mikononi mwa mabwana zao. Kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873 hakukuwafungua wale waliokuwa wamekwisha kuvushwa.

Msimu mkubwa wa lulu ulikuwa wa miezi ya joto, yapata miezi minne. Mzamiaji alibana pua kwa kibano cha pembe au cha gamba la kasa, akavika vidole vyake ngozi asikatwe na chaza, akatundika kikapu shingoni, akatia mguu katika kitanzi cha kamba iliyofungwa jiwe, kisha akashuka. Juu chomboni alisimama mwenziwe, aitwaye saib, ameshika kamba ya pili. Mzamiaji alipoitikisa kamba hiyo, saib alimvuta kwa nguvu za mikono. Safari moja kwa kawaida haikuzidi dakika moja na nusu, nayo ilirudiwa mara nyingi tangu asubuhi hata jioni. Yafaa kuangalia jambo moja hapa: kushuka kulikuwa kazi ya jiwe, na kupanda kulikuwa kazi ya mtu mwingine. Mzamiaji mwenyewe hakumiliki ila pumzi ile moja iliyokuwa katikati.

Taabu zake zilikuwa nyingi. Masikio yaliuma na mara nyingine yalipasuka, macho yalidhurika kwa chumvi, ngozi ilichubuka, na aliyekawia kuitikisa kamba aliweza kuzimia kabla ya kuufikia mwanga. Juu ya hayo yote kulikuwa na deni. Nahodha alimkopesha mzamiaji fedha kabla ya msimu ili aiachie jamaa yake chakula, na mauzo ya lulu yasipotosha kulipa, deni lilihamia msimu ujao. Katika miaka ya 1920 serikali ya Bahrain iliagiza kila mzamiaji awe na kitabu chake cha hesabu, jambo lionyeshalo jinsi hesabu zilivyokuwa hapo kwanza. Na mwaka 1932 wazamiaji wa huko walifanya ghasia kwa ajili ya fedha hizo za kukopeshwa. Wakati huo biashara yenyewe ilikuwa ikifa, kwa sababu ya lulu za kufugwa za Japani na ya mdororo wa biashara ulioanza duniani mwaka 1929.

Hata hivyo mzamiaji wa namna hiyo alikuwa na usalama mmoja asioujua. Hewa iliyokuwamo kifuani mwake ilikuwa kidogo, nayo ni ile ile aliyoshuka nayo. Ilibanwa aliposhuka, ikatanuka alipopanda. Kwa hiyo kuibuka kwenyewe kulimdhuru mara chache. Mara chache, si kusema kamwe: katika visiwa vya Tuamotu, bahari ya Pasifiki, wazamia lulu waliorudia kushuka kina kirefu kutwa nzima walipatwa na kizunguzungu na kupooza, na wenyeji wakaiita hali hiyo taravana. Lakini kwa wengi adui alikuwa ukosefu wa pumzi, na kila mtu alimjua.

Mambo yaligeuka hewa ilipoanza kupelekwa chini. Maji ni mazito, na kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya nchi. Mtu aliye mita 10 chini hubanwa mara mbili ya aliye ufukweni. Aliye mita 50 hubanwa mara sita. Ili aweze kuvuta pumzi huko, hana budi kupewa hewa iliyobanwa kiasi hicho hicho. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 fundi Augustus Siebe, Mjerumani aliyehamia London, alitengeneza vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba iliyounganishwa na nguo isiyopenya maji, na hewa ikashushwa kwa mpira kutoka kwenye bomba la kusukumwa kwa mikono. Mwenye vazi hilo aliweza kukaa chini na kufanya kazi kwa saa nzima. Yaonekana kwamba shida ya pumzi ilikuwa imekwisha.

Kati ya mwaka 1839 na 1843 Kanali Charles Pasley aliwasimamia wazamiaji waliovunja mabaki ya manowari Royal George, iliyozama karibu na Portsmouth mwaka 1782. Watu wake walilalamika maumivu ya viungo, na maumivu hayo yakaandikwa kuwa ni baridi yabisi. Jina hilo halikuwa la kipumbavu. Maji ya Uingereza ni baridi, viungo ndivyo viumavyo, na mwenye kuuliza sababu alikuwa nayo mbele ya macho. Ila jina likikubaliwa, swali nalo hufungwa. Na hapa swali lilifungwa mahali pasipo pake.

Wakati ule ule, nchini Ufaransa, mhandisi Jacques Triger alikuwa akichimba makaa ya mawe chini ya mchanga wenye maji wa mto Loire. Alisukuma hewa ndani ya bomba kubwa la chuma ili maji yafukuzwe na wachimbaji wafanye kazi pakavu. Mwaka 1841 aliarifu kwamba baadhi yao walipatwa na maumivu baada ya kutoka. Mwaka 1854 waganga wawili wa Kifaransa, Pol na Watelle, waliochunguza wachimbaji wa namna hiyo, waliandika waziwazi kwamba madhara hayaji kwa kuingia katika hewa iliyobanwa bali kwa kuitoka, na kwamba mgonjwa arudishwapo humo hupata nafuu. Hapo ukweli ulikuwa umekwisha kusemwa, ingawa sababu yake haikujulikana bado. Wachimbaji hao hawakuwa baharini, wala hawakulowa. Ilikuwa dhahiri basi kwamba baridi ya maji haikuhusika. Lakini habari za migodini hazikuwafikia watu wa vyombo.

Maradhi hayo yalipata majina mapya Marekani, katika ujenzi wa madaraja. Ili kujenga nguzo juu ya mwamba ulio chini ya mto, kasha kubwa lisilo na kitako lilizamishwa, likajazwa hewa, na watu wakachimba ndani yake. Katika daraja la James Eads juu ya mto Mississippi, huko St. Louis, wafanyakazi zaidi ya 10 walikufa tangu mwaka 1870. Katika daraja la Brooklyn, New York, mhandisi mkuu Washington Roebling mwenyewe alipatwa mwaka 1872, akabaki mgonjwa. Mkewe Emily akawa mpelekaji wa maagizo yake mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1883. Mganga wa kazi hiyo, Andrew Smith, aliyaita maradhi hayo kwa jina la kasha. Wafanyakazi walikuwa na jina lao. Waliona wenzao wakitoka wamejikunja kwa maumivu, wakawafananisha kwa mzaha na mabibi wa mtindo wa siku zile waliotembea wameinamia mbele; na neno la mzaha lenye maana ya mpindo likakaa katika Kiingereza hata leo. Hivyo mganga aliyataja maradhi kwa mahali, mfanyakazi akayataja kwa umbo la mgonjwa. Hapana jina lililotaja tendo la kutoka.

Mfaransa Paul Bert ndiye aliyeeleza sababu, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1878. Sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Hewa ikibanwa, naitrojeni huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili, kidogo kidogo, kadiri mtu akaavyo chini. Mgandamizo ukiondolewa ghafula, hurudi kuwa hewa na kufanya mapovu, kama soda ifanyavyo chupa ifunguliwapo. Povu likikaa kiungoni huleta maumivu; likikaa katika uti wa mgongo hupoozesha; likijaa moyoni huua. Robert Boyle alikuwa ameona povu kama hilo katika jicho la nyoka tangu mwaka 1670, baada ya kumwondolea hewa katika chombo cha majaribio. Dawa aliyoitaja Bert ilikuwa rahisi kutamka: mtu apande polepole.

Ila polepole ni kiasi gani? Jawabu halikuwapo, na kabla halijapatikana lilitokea jambo la Antikythera. Visiwa vya Symi na Kalymnos vilikuwa chini ya Waturuki wakati huo, ingawa wenyeji wake ni Wayunani, na maisha yao yalitegemea kuzamia sifongo. Tangu zamani walishuka uchi kwa jiwe bapa, bila kutofautiana sana na watu wa Ghuba. Katika miaka ya 1860 walianza kutumia vazi la kofia ya shaba. Mavuno yakaongezeka, na vilema wakaongezeka pia. Mwaka 1900 mashua za Symi, chini ya nahodha Dimitrios Kontos, zilijificha tufani karibu na kisiwa cha Antikythera. Mzamiaji Elias Stadiatis alishuka, akarudi ameshikwa na hofu, akisema ameona chini maiti za watu na farasi. Zilikuwa sanamu za shaba na mawe kutoka katika jahazi lililozama zaidi ya miaka 1900 kabla yake. Serikali ya Uyunani ikawaajiri watu hao hao waziopoe, katika kina cha yapata mita 50, hata katika mwaka 1901. Walipanda juu mali ambazo leo ni fahari ya jumba la makumbusho la Athens, pamoja na ile mashine ya magurudumu ya kuhesabia mwendo wa nyota. Mzamiaji mmoja alikufa, na wawili walipooza. Kitabu cha Bert kilikuwa na umri wa miaka 22 wakati kazi ilipoanza.

Kiasi kilipatikana kwa J. S. Haldane, mtaalamu aliyetumwa na wakuu wa manowari wa Uingereza. Yeye na wenziwe Boycott na Damant waliwajaribu mbuzi katika chumba cha hewa iliyobanwa, kisha wakawajaribu watu. Mwaka 1906 Damant na mzamiaji Catto walifika mita 64 katika bahari ya Uskoti na kurudi salama. Matokeo yalichapishwa mwaka 1908. Haldane aliona kwamba mgandamizo waweza kupunguzwa hata nusu yake bila dhara kubwa. Basi aliye mita 50 aweza kupanda mara moja hata mita 20, lakini kutoka hapo hana budi asimame kila mita 3, na vituo vya karibu na juu ndivyo virefu kuliko vyote. Hapa fikira ya kawaida imepinduliwa kabisa: pale mzamiaji aonapo mwanga na kudhani amepona, ndipo apaswapo kungoja zaidi.

Na kungoja ni gharama. Manowari iliweza kumngoja mtu wake, kwa kuwa mshahara wake haukupimwa kwa sifongo. Huko Kalymnos na Symi mzamiaji alikuwa amekwisha kupokea fedha kabla ya safari, ziitwazo platika, akaziachia jamaa zake au kuzitumia, naye alipaswa kuzirudisha kwa mavuno. Zilikuwa ndugu wa zile za Ghuba. Dakika alizoning'inia kambani bila kuchuma zilikuwa hasara kwa mwenye mashua, na hasara ya mwenye mashua iliandikwa katika hesabu ya mzamiaji. Kwa hiyo majedwali ya Haldane yalikuwapo, na watu wakaendelea kupooza. Kalymnos iko ngoma iitwayo mihanikos, yaani mzamiaji wa mashine, ambayo kiongozi wake huigiza mtu mwenye miguu inayotetemeka, aegemeaye fimbo, akijaribu kucheza na wenziwe na kushindwa.

Kiswahili bado hakijatulia juu ya jina la maradhi haya. Tafsiri ya jina la kasha ingeleta pwani chombo kisichojulikana huko. Maradhi ya kina hufahamika upesi, lakini humwelekeza msikiaji chini, kule kule walikoangalia watu wa Pasley. Maradhi ya kuibuka huonyesha tendo lenyewe na saa yake, nayo yametumia neno ambalo kila mvuvi analo. Wavuvi wa jongoo bahari wa Unguja, ambao katika miaka ya karibuni wameshuka kwa mitungi ya hewa, wana haja nalo kuliko watunga kamusi.