Kwa nini mtoto anakataa mboga za majani?

Mtoto wako alipokuwa na miezi minane alikula kila ulichompa. Sasa ana miaka miwili, na akiona mchicha anafunga mdomo na kugeuza uso. Bibi yake anasema umemdekeza, na wewe unahofia uzito wake. Kabla ya kumlazimisha, fahamu kwanza akili yake inavyofanya kazi.

Akili ina sehemu zenye kazi zake

Jikoni, mbuzi hukuna nazi, kinu hutwanga na chujio huchuja. Watafiti Leda Cosmides na John Tooby wa Marekani walieleza kuwa akili ya binadamu nayo ina sehemu nyingi, zinazoitwa moduli. Kila moja ilijengeka tangu zamani sana ili kutatua tatizo fulani, kama kutambua nyuso au kuepuka sumu. Wataalamu bado wanabishana kuhusu idadi ya sehemu hizo na jinsi zinavyotengana, lakini kwenye chakula kuna mambo mawili yatakayokusaidia.

1. Mtoto huogopa mmea asioujua

Mimea mingi ya porini ina sumu, na mara nyingi sumu huwa chungu. Mwaka 2014, watafiti Annie Wertz na Karen Wynn walionyesha kuwa watoto wa miezi 8 hadi 18 husita kushika mimea kuliko vitu vingine. Lakini watoto wa miezi 18 walipomwona mtu mzima akitia tunda la mmea mdomoni, walilichagua tunda hilo. Kwa hiyo mtoto hujifunza kwa kukutazama wewe.

Woga wa chakula kipya huongezeka mtoto akishaanza kutembea, hasa kuanzia miaka miwili. Wengi hupungua woga huo wanapokua.

2. Tumbo likichafuka, akili hulaumu chakula

Mwaka 1966, John Garcia na Robert Koelling waliwapa panya maji matamu huku taa ikiwaka na sauti ikilia. Panya waliougua baadaye walichukia ladha ya maji. Taa na sauti hazikuwasumbua. Binadamu nasi tuko hivyo: ukitapika baada ya kula kitu, unaweza kukichukia hata kama hakikuwa na kosa.

Ufanye nini nyumbani

- Kula naye mboga ileile, akuone ukitafuna.
- Mpe kidogo, kama kijiko kimoja, pamoja na chakula anachokipenda. Akikataa, toa bila ugomvi, kisha mpe tena siku nyingine. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa mara 8 hadi 15.
- Mwache aguse na kunusa mboga, au akusaidie kuchambua.
- Usimzibe pua wala kummiminia chakula kwa nguvu. Anaweza kupaliwa, na chakula kikaingia kwenye njia ya hewa.
- Usifiche dawa chungu kwenye uji wake wa kila siku, maana anaweza kuukataa uji wenyewe. Mpe dawa kwa kijiko au bomba la dawa, kama ulivyoelekezwa.
- Akiwa anatapika au anaharisha, endelea kumnyonyesha na kumpa vyakula alivyovizoea, kidogo kidogo, mara nyingi. Chakula kipya kisubiri apone.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Kuchagua chakula ni kawaida, lakini usiseme tu "ni umri" ukiona mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, mtoto anapaliwa kila anapomeza, au anaacha vyakula alivyovizoea kimoja baada ya kingine. Mpeleke akapimwe.

Nenda haraka, hata kama ni usiku, ikiwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege.

Nenda na kadi yake, na umwambie mhudumu vyakula alivyokula jana na juzi. Hiyo itamsaidia kujua kama mtoto anachagua tu au anaumwa.