Mgogoro wa Suez

Mgogoro wa Suez ulikuwa uvamizi wa Misri uliofanywa na Israeli, Uingereza na Ufaransa mwaka 1956. Chanzo chake kilikuwa hatua ya rais Gamal Abdel Nasser ya kutaifisha Kampuni ya Mfereji wa Suez tarehe 26 Julai.

Kufuatana na mapatano ya siri ya nchi hizo tatu, Israeli ilishambulia rasi ya Sinai tarehe 29 Oktoba. Askari wa miavuli wa Uingereza na Ufaransa walitua Port Said tarehe 5 Novemba. Kijeshi walikuwa wakisonga mbele, lakini Marekani ilikataa kuiokoa paundi ya Uingereza iliyokuwa hatarini, na Umoja wa Kisovyeti ulitoa vitisho. Mapigano yalisimama usiku wa 6 Novemba. Waingereza na Wafaransa waliondoka Desemba, nafasi yao ikachukuliwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa.

Mfereji ulibaki mali ya Misri. Waziri mkuu wa Uingereza, Anthony Eden, alijiuzulu Januari 1957. Ilidhihirika kwamba madola hayo mawili ya kikoloni hayakuweza tena kuendesha vita kama hiyo bila ridhaa ya Marekani. Tangu hapo Marekani na Umoja wa Kisovyeti ndio walioshindania Mashariki ya Kati.