Everett Lee, Kiongozi wa Okestra na Opera (1916–2022)

Kiswahili hakikupungukiwa na majina ya watu wa muziki. Manju ni yule aongozaye nyimbo katika ngoma, na sogora ni bingwa wa kuipiga ngoma yenyewe. Mdundiko upitapo njiani siku ya harusi, katika vijiji vya Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha, mgeni hana haja ya kuuliza ni nani mwenye amri, kwani amri imo katika ngozi ya ngoma, na mkono wa mpigaji ukinyamaza miguu yote husimama. Lakini mtu asimamaye mbele ya wapigaji themanini, na huku yeye mwenyewe hapigi chombo chochote ila ameshika kijiti tu, huyo hana jina la asili. Neno kondakta, ambalo Waingereza hulitumia kwa kazi hiyo, Waswahili walilipa kazi ya kutoza nauli katika mabasi, likafupika kuwa konda. Kwa hiyo husemwa kiongozi wa okestra, na msemo huo wafaa, kwa kuwa waonyesha uzito ulipo: kazi hii yote ni kuamuru na kutiiwa. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu katika maisha ya Everett Lee.

Lee, Mmarekani mweusi, alizaliwa tarehe 31 Agosti, 1916, katika mji wa Wheeling, jimbo la West Virginia. Alianza kupiga fidla utotoni, na mwaka 1927 wazazi wake wakahamia Cleveland. Huko alifanya kazi katika hoteli, na kwa njia hiyo akajuana na Artur Rodzinski, kiongozi wa Okestra ya Cleveland, ambaye alimtia moyo na kumfundisha. Akasoma fidla katika chuo cha muziki cha mji huo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na mafunzo ya urubani huko Tuskegee, akaumia, akaachishwa.

Mwaka 1943 alikwenda New York kupiga fidla katika *Carmen Jones*, tamthilia iliyoitwaa opera ya Bizet na kuwapa Wamarekani weusi waiimbe. Siku moja kiongozi wa wapigaji hakufika, na Lee akashika kijiti mahali pake. Mwaka 1945 Leonard Bernstein na wenzake wakampa uongozi wa muziki wa *On the Town*. Jambo hili halikuwa dogo, kwani wapigaji walio wengi walikuwa wazungu, na desturi ya Broadway haikuwa imepata kumweka mtu mweusi juu yao.

Yafaa kuitazama desturi hiyo kwa makini, kwa kuwa haikumkataza mtu mweusi muziki. Mwimbaji mweusi alisikilizwa, hata na watu wasiotaka kula naye meza moja. Marian Anderson aliimba katika Metropolitan Opera ya New York mwezi wa Januari, 1955, naye alikuwa mweusi wa kwanza kuimba sehemu ya peke yake katika jumba hilo. Lakini mweusi wa kwanza kuiongoza okestra ya jumba lilo hilo, Henry Lewis, hakufika hapo mpaka mwaka 1972. Miaka kumi na saba yatenga sauti na kijiti. Tena mwimbaji aliyefungiwa mlango aweza kuimba kanisani au nyumbani kwake, na mpiga fidla aliyenyimwa kazi bado ana fidla yake. Kiongozi aliyenyimwa okestra hana chombo kabisa.

Lee alijitengenezea chombo hicho. Mwaka 1947 aliunda Cosmopolitan Symphony Society, yenye wapigaji weusi na weupe, wanaume na wanawake, ikafanya mazoezi yake Harlem. Mwaka 1952 akapata msaada wa kwenda kusoma Roma. Mwaka 1953 aliiongoza okestra ya Louisville, Kentucky, na magazeti yakaandika kwamba mtu mweusi alikuwa hajapata kuongoza okestra ya wazungu katika nchi ya kusini. Mwezi wa Aprili, 1955, akaongoza *La Traviata* ya Verdi katika New York City Opera, akawa mweusi wa kwanza kuongoza opera katika kampuni kubwa ya Marekani.

Msomaji wa Pwani hatashangaa kwamba cheo cha kuamuru kilizuiwa kuliko kipaji. Ngoma ya beni, iliyochukua jina lake katika neno bendi, ilianza katika miji ya Pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika kwa vyama vya Marini na Arinoti. Vyama hivyo viligawiana vyeo vya kingi, jenerali na kapteni, wakati ambapo majeshi ya wakoloni hayakumpa Mwafrika cheo cha ofisa. Wako walioiona beni kuwa mwigo tu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno: mwenye kunyimwa cheo alikitwaa mahali palipomruhusu.

Lee naye alikitafuta mahali palipomruhusu. Sifa za mwaka 1955 hazikumletea kazi ya kudumu nchini kwake, na mwaka 1957 akahamia Munich, Ujerumani. Mwaka 1962 mji wa Norrköping, Sweden, ukamfanya mkuu wa okestra yake, akakaa miaka kumi. Ilikuwa miaka ile ile ambayo Sweden na jirani zake walijenga shule, hospitali na kituo cha wakulima huko Kibaha, kuanzia mwaka 1963. Mambo hayo mawili hayana uhusiano ila wakati. Baadaye, kuanzia mwaka 1985, aliongoza okestra ya Bogotá, Kolombia.

New York Philharmonic, okestra kubwa ya mji alikoanzia kazi yake, ilimwalika tarehe 15 Januari, 1976, siku ya kuzaliwa kwa Martin Luther King. Hapo alikuwa na miaka hamsini na tisa. Akafariki Malmö, Sweden, tarehe 12 Januari, 2022, akiwa na miaka mia na mitano.