Kama Lubumbashi ingechorwa kwa ajili ya wote

LUBUMBASHI – Kuna hadithi zinazoanza na neno moja tu: kama. Kama Katanga isingejitenga tarehe 11 Julai 1960. Kama mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, wasingefukuzwa na kurundikana kwenye magari-moshi ya Likasi na Kolwezi. Hapa kwetu "kama" ni nyingi. Lakini anayetaka kuandika hadithi ya mji mwema ambao haukupata kuwapo, ajue kwanza jambo moja: Lubumbashi yenyewe ilianza kama mji mwema kwenye karatasi.

Mwaka 1910 Emile Wangermée, mkubwa wa Wabelgiji katika Katanga, alichagua mahali karibu na mto Lubumbashi. Mji ukaitwa Elisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Barabara zilinyooshwa kwa kamba, zikakatana sawasawa, miti ikapandwa. Mwaka huohuo reli ilifika ikitoka Rhodesia, na mwaka 1911 tanuru la Union Minière likayeyusha shaba ya kwanza. Kwa aliyeshika kalamu, hiyo ilikuwa paradiso: safi, yenye mpango, kila mtu mahali pake.

Shida ilikuwa katika hayo maneno ya mwisho. Kati ya mji wa Wazungu na makao ya Waafrika, ramani iliacha pengo la mamia ya mita. Sababu iliyotolewa ni afya: ilisemwa kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka mbali hivyo. Kuanzia mwaka 1921 Waafrika walipangiwa cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, upande wa pili wa pengo. Usiku, asiye na ruhusa hakutakiwa kuonekana kwa Wazungu.

Lakini ramani ilidanganya tangu mwanzo. Wazungu walitaka kupikiwa, kufuliwa na kulelewa watoto. Kwa hiyo maboyi walilala katika vyumba vidogo nyuma ya nyumba za mabwana wao, katikati ya ule mji uliosemekana hauna Waafrika. Inaonekana mbu wa boyi hakuogopwa chakula kilipokuwa mezani.

Union Minière nayo ilijenga mji mwema wa aina yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto kambini. Kulikuwa na nyumba, posho, shule na hospitali. Wazee wengi bado wanaisifu posho ile, na hawasemi uongo. Lakini wafanyakazi walipogoma kudai mshahara, tarehe 9 Desemba 1941, walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa mji huu. Mji ulikuwa umepanga kila kitu kwa ajili yao, isipokuwa nafasi ya kusema hapana.

Waliokaa ndani ya mpango huo nao waliandika. Mwaka 1965 chama cha maboyi wa zamani kilitoa hati iliyokusanywa na André Yav, kwa Kiswahili cha mji huu: Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Humo historia inasimuliwa na waliofungua milango na kusafisha viatu. Mara nyingine habari zake hazifanani na vitabu vya wakubwa. Hata hivyo, hati hiyo inaonyesha jambo ambalo ramani haionyeshi: jinsi mji ulivyoonekana kutokea jikoni. Mtafiti Johannes Fabian aliichapisha kitabuni mwaka 1990.

Kisha kuna Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa hapa mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian picha zaidi ya mia moja za historia ya inchi. Alijiita mwanahistoria. Aliichora migodi, akachora mauaji ya wagomaji, akamchora Lumumba. Hakuishia kwa yaliyopita. Alichora pia ndoto zake na siku zijazo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alipo. Lakini somo lake limebaki: huwezi kuchora kesho kabla ya kutaja waliokufa jana.

Kule Kinshasa, Bodys Isek Kingelez alijenga miji mizima kwa karatasi na katoni. Katika Ville Fantôme ya mwaka 1996 alisema hakuna polisi wala askari, kwa sababu hawahitajiki. Ni mji unaopendeza sana. Anayeuandikia hadithi atakutana na swali gumu: akifika mgeni, mlango utafunguliwa na nani?

Hilo ndilo swali la kila anayeandika "kama ingekuwa" kuhusu Lubumbashi. Kuandika barabara safi na umeme usiokatika ni rahisi. Wangermée naye angeweza. Kazi ni kumfuata mtu mmoja katika mji huo: mama aliyetoka Mitwaba au Pweto akikimbia vita, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, bila karatasi. Analala wapi usiku wa kwanza? Anachota maji wapi? Nani anamwuliza kabila lake, na kwa nini? Majibu yake yatampa mwandishi ramani ya kweli.

Lile pengo la zamani limejengwa nyumba na maduka, na watu wanalivuka kila asubuhi bila kulikumbuka. Lakini familia zilizohama makwao zinajua kwamba mstari unaweza kuchorwa tena, hata bila wino. Hadithi ya mji mwema ianzie kwao. Wao ndio wanaojua mji mbaya ulivyo.